Naomba ushauri: kempavani yangu, pampu ya maji haitulii na hita ya gesi inazima

Mwana Mbweni
Habari za jioni wakuu.

Nina Fiat Ducato ya 2008, kempavani yenye vitanda, jiko, sinki na bafu dogo. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Nataka niitumie na familia, na msimu wa watalii nikipata mteja niikodishe. Injini haina neno. Kinachonitesa ni maji na gesi.

Pampu ni ya volti 12, ile inayojiwasha ukifungua bomba na kujizima ukifunga. Siku hizi inanguruma kidogo, inanyamaza, baada ya muda inanguruma tena, na bomba zote zimefungwa. Julai tulipanda Kitulo, ile hifadhi ya maua kule Makete kwenye baridi, asubuhi tukakuta tangi tupu, maji yote yamemwagika chini ya gari na pampu inazunguka kavu. Cha ajabu, tumerudi Dar chini ya gari hakuna tone.

Hita ni ya gesi, moja inapasha maji na hewa ya ndani. Ukiiwasha moto unashika, muda mfupi inazima, taa nyekundu. Fundi kasema boadi, ile saketi ya umeme inayoendesha hita, imekufa, iagizwe Ujerumani, na bei aliyonitajia naweza kununua bajaji chakavu. Kabla sijatoa hela naomba wajuzi mnisaidie.

Chalii wa Bondeni
Mkuu, joto la Dar halikutoshi mpaka ununue jingine? Halafu Kitulo Julai umefuata nini, maua yale ni Desemba hadi Aprili.

Mwana Mbweni
Nilifuata baridi mkuu, na niliipata.

Fundi Baridi
Usiagize boadi. Kwanza jibu maswali mawili. Moja, karibu na hita kuna valvu ndogo ya plastiki yenye kitufe na kinobu cha kuzungusha? Pili, mtungi unaotumia ni wa hapa hapa, na regulata, ile ya kushusha presha ya gesi, nani kaifunga?

Mwana Mbweni
Valvu ipo, kitufe ni cha buluu. Mtungi ni wa kilo 15 wa hapa. Mitungi ya Uingereza haikuja na gari, kwa hiyo fundi alifunga regulata ya kawaida ya jikoni juu ya mtungi, akaunga mpira kwenye ile regulata iliyokuwa ukutani kwenye kabati la gesi.

Fundi Baridi
Basi tuanze na Kitulo. Hiyo valvu ni FrostControl ya Truma, watengenezaji wa hita, na haikuharibika. Kazi yake ni kulinda tangi la hita lisipasuke maji yakiganda. Joto likishuka hadi kama nyuzi 3 inafunguka yenyewe na kumwaga maji ya hita. Bomba likiwa wazi hivyo pampu inaona presha imeshuka, inasukuma, na yanayosukumwa yanatokea hapo hapo mpaka tangi kubwa linaisha. Ukijaribu kuifunga palepale inakataa, mpaka ipate joto la nyuzi 7 hivi. Ndiyo maana Dar huoni tone. Ukipanda tena nyanda za juu, washa hita kabla ya kulala, na zima swichi ya pampu. Pampu kuzunguka kavu usiku kucha ndiko kunakoiua.

Sasa hita. Regulata ya ukutani imetengenezwa kupokea gesi kwa presha ya mtungi, kisha yenyewe inashusha hadi milibari 30. Wewe umeweka regulata nyingine inayoshusha kabla yake. Gesi inafika imechoka. Kuanzia moto mdogo inatosha, hita ikitaka kupanda inakosa pumzi, inazima, taa nyekundu. Jaribu hivi: washa plate moja ya jiko, halafu ya pili. Ya kwanza ikififia, umepata jibu na boadi ni nzima.

Mwana Mbweni
Nimetoka kujaribu sasa hivi. Inafifia kweli, ya pili ndiyo kabisa, inapepesuka. Aisee.

Fundi Baridi
Ondoa regulata ya jikoni, weka mpira wa presha kubwa wenye adapta ya valvu ya mtungi wako, uende moja kwa moja kwenye ya ukutani. Usikubali mtu akuambie aitoe ya ukutani aweke ile ya majiko ya mgahawa, hiyo ni kuomba msiba. Na adapta usichongeshe Gerezani. Wale jamaa wanachonga vizuri sana ila nyuzi za kufungia viungo vya gesi si za kubahatisha. Ukimaliza kufunga, povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kiberiti kiache jikoni.

Angalia na bomba la moshi ubavuni mwa gari. Gari likikaa muda mrefu nyigu wanajenga humo kwa udongo. Moshi ukirudi ndani unalala moja kwa moja, ile hewa haina harufu. Nunua king'ora cha kaboni monoksidi kabla ya kumkodishia mtu.

Mnyalukolo Halisi
Nyongeza kwa wanaopanda Makete na Njombe: gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Butani karibu na nyuzi sifuri haitaki kutoka mtungini. Asubuhi moto ukiwa dhaifu msishike spana, ngojeni jua. Na mtungi usiupashe kwa moto, nimeshaona watu wanafanya.

Nahodha Mstaafu
Hujajibiwa pampu inayonguruma hapa Dar. Kwenye boti tuna pampu hizo hizo. Funga tishu kila kiungo cha bomba, lala, asubuhi utaona iliyolowa. Zote zikiwa kavu, bana mpira unaotoka kwenye pampu. Ikiendelea kunguruma, valvu ya ndani haifungi, mara nyingi ni mchanga. Fungua kichujio cha upande wa kuingilia ukioshe, kisha kichwa cha pampu, skurubu chache tu. Wapi unajaza maji?

Mwana Mbweni
Kisima cha nyumbani. Yana chumvi kidogo.

Nahodha Mstaafu
Kidogo ya Mbweni naijua mimi. Hita itakuwa na magamba. Jaza siki iliyochanganywa na maji, ikae usiku hita ikiwa imezimwa, mwaga, suuza mpaka harufu iishe. Dawa ya klorini usiweke, inakula tangi la hita.

Mwana Mbweni
Nimefungua kichwa cha pampu. Mchanga upo, na kipande cha seal tape, ule utepe wa kuzibia viungo vya bomba, kimekaa juu ya valvu. Nimesafisha, tangu saa kumi imenyamaza. Mpira wa presha kubwa wenye adapta naupata wapi bila kuzungushwa?

Fundi Baridi
Nenda kwa wakala mkubwa wa kampuni ya mtungi wako, wale wanaofungia hoteli. Beba picha ya valvu ya mtungi na ya regulata ya ukutani, maandishi yake yasomeke.