Kasha linavutwa mbele, hesabu inasema linarudi nyuma: kosa liko wapi?

BintiKibokoni

Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba msaada kwa swali hili la fizikia, Kidato cha Tatu. Nimelirudia mara tatu na jibu ni lile lile, na halina maana.

Kasha la kilo 60 liko kwenye sakafu ya ghala. Limefungwa kamba, na kamba inavutwa kwa kani ya nyutoni 200 huku imeinuka digrii 30 kutoka sakafuni. Kizigeu cha msuguano (μ, namba inayozidishwa na mbano wa kasha juu ya sakafu ili kupata msuguano) baina ya kasha na sakafu ni 0.3. Chukua g (mvuto wa dunia) kuwa 10. (a) Tafuta mchapuko wa kasha (kasi inavyoongezeka kila sekunde). (b) Tafuta pawa ya anayevuta, sekunde 4 baada ya kasha kuanza mwendo.

Nilivyofanya mimi:

Uzito = 60 × 10 = 600 N
Msuguano = 0.3 × 600 = 180 N
Sehemu ya mlalo ya kani ya kamba = 200 × cos 30° = 173.2 N
Kani inayobaki = 173.2 − 180 = −6.8 N
Mchapuko = −6.8 ÷ 60 = −0.11

Yaani kasha linavutwa mbele nalo linaenda nyuma! Na kwa (b) sijui niweke 200, 173.2 au kani iliyobaki. Nisaidieni tafadhali.

Mwalimu_Makupa

Waaleikum salaam, dada. Hesabu yako ya kuzidisha na kutoa haina kasoro. Kosa limeingia kwenye mstari wa pili, na ndilo kosa linalokula alama nyingi kuliko yote katika maswali haya: umechukua uzito mzima ukauzidisha na μ.

Msuguano haujui uzito wa kasha. Unajua tu jinsi kasha linavyoibana sakafu. Kamba yako imeinuka, kwa hivyo inafanya kazi mbili kwa pamoja, inavuta mbele na inanyanyua. Fikiria chini ya kasha pale kamba inapokazwa: mbano wake juu ya sakafu unalegea kabla kasha lenyewe halijasogea. Huko kulegea ndiko kulikokosekana kwenye karatasi yako.

Anza na mambo ya wima, usiguse mlalo kwanza. Juu kuna sakafu inayolisukuma kasha (iite R) na sehemu ya kamba inayonyanyua, 200 × sin 30° = 100 N. Chini kuna uzito, 600 N. Kasha haliruki wala halizami, basi:

R + 100 = 600
R = 500 N
Msuguano = 0.3 × 500 = 150 N

Sasa ndiyo uende mlalo: 173.2 − 150 = 23.2 N. Gawa kwa 60, mchapuko ni 0.387 m/s², na kasha linaenda mbele kama inavyotakikana.

Lau kani ingekuwa ya kusukuma, mikono ikielekea chini kwa digrii 30 ile ile, ile 100 ingejumlishwa badala ya kutolewa. R ingekuwa 700, msuguano ungeweza kufika 210, na kasha lisingetoka pale lilipo. Kwa hivyo usikariri “R = mg” (yaani R ni sawa na uzito). Hiyo ni kweli pale tu ambapo sakafu ni tambarare na hakuna kitu kingine kinachonyanyua wala kukandamiza.

Kuhusu (b). Neno letu “nguvu” hubeba mambo mawili, na hapo ndipo wengi hupotea. Kani hupimwa kwa nyutoni. Pawa hupimwa kwa wati, nayo ni kazi inayofanywa kila sekunde. Ukiulizwa pawa, jiulize: pawa ya nani? Hapa ni ya anayevuta, basi unatumia kani ya kamba, ile sehemu iliyo sambamba na mwendo, 173.2. Huweki 200, kwa sababu kasha halipandi juu, na ile sehemu inayonyanyua haifanyi kazi yoyote.

Kasi baada ya sekunde 4 = 0.387 × 4 = 1.55 m/s
Pawa = 173.2 × 1.55 = 268 W

Ukiweka kani iliyobaki, 23.2, utapata wati 36. Namba hiyo si takataka, ila inajibu swali jingine: ni kiasi kinachoingia kwenye mwendo wa kasha. Wati 232 zilizosalia zinageuka joto chini ya kasha. 36 na 232 zikijumlishwa zinarudisha 268, na hiyo ni njia nzuri ya kujihakikisha kabla hujafunga karatasi.

PembeMraba

Mwalimu amemaliza, naongeza jambo moja tu. Swali limetoa μ moja, nalo limesema kasha “limeanza mwendo”. Kwa kweli μ ziko mbili. Ya kitu kilichotulia huwa kubwa kidogo kuliko ya kitu kinachoserereka. Mtahini akikupa zote mbili, kwanza uhakikishe kama kasha linang'oka.

Tuseme ya kutulia ni 0.35. Msuguano wa juu kabisa ni 0.35 × 500 = 175 N. Kamba inatoa 173.2. Kasha halitikisiki, mchapuko ni sifuri, na msuguano si 175! Ni 173.2, sawasawa na kinachovuta. Msuguano wa kitu kilichotulia hujibu kadiri unavyovutwa, hauzidi. Wanafunzi huandika 173.2 − 175 = −1.8 kisha wanatafuta mchapuko, na hapo kasha linarudi nyuma tena kama la dada. Alama ya kutoa ikitokea kwa kitu kilichoanza kikiwa kimetulia, ujue umedai msuguano mkubwa kuliko kani inayovuta.

Ukitaka kuipima μ hiyo mwenyewe, chukua ubao, weka kipande cha mti juu yake, kisha nyanyua upande mmoja taratibu mpaka kipande kianze kuteleza. Shikilia hapo hapo. Pima kimo cha upande ulionyanyuka, ugawe kwa umbali wa chini, wa mlalo. Usigawe kwa urefu wa ubao. Ubao wa sentimita 60 ulionyanyuka sentimita 20 una msingi wa sentimita 56.6, na μ ni 20 ÷ 56.6 = 0.353. Ukigawa kwa 60 unapata 0.333. Waona tofauti ndogo, lakini kwa kasha letu 0.333 inasema linaenda (167 N) na 0.353 inasema limekwama (177 N).

Na usiugonge ubao. Mtikisiko kidogo tu huking'oa kipande mapema. Rudia mara tano uchukue wastani.

KijanaLikoni

Nami nina langu hapo hapo. Kitu chenye magurudumu je? Mkokoteni unaopanda kutoka kwenye feri pale Likoni, Mombasa, msuguano unauweka wapi? Nikiweka 0.7 ya raba na saruji napata kani ambayo hata gari lingeshindwa.

FundiMkaaMvita

Swali zuri sana, ndugu. 0.7 ni ya raba inayoburutwa. Gurudumu linalozunguka haliburutwi, kila mara linaweka chini sehemu mpya ya tairi. Kinachozuia ni tairi kubonyea na beringi kusuguana, nacho ni kidogo mno. Kwa tairi lenye upepo wa kutosha kwenye saruji, chukua 0.02. Likipungua upepo au likiingia mchangani, namba hiyo hupanda mara kadhaa.

Tufanye hesabu. Magunia 6 ya mchele ya kilo 50 ni kilo 300, mkokoteni wenyewe tuseme 60. Jumla kilo 360, uzito 3,600 N. Mwinuko tuufanye digrii 5.

Uzito unaovuta kurudi chini = 3,600 × sin 5° = 314 N
Kizuizi cha magurudumu = 0.02 × 3,600 × cos 5° = 72 N
Jumla = 386 N

Ona kwamba hapa mwinuko ndio mzigo, magurudumu ni kitu kidogo. Mwanafunzi anayesahau sin 5° kwa kuwa “digrii tano ni kidogo” amesahau zaidi ya robo tatu ya jibu.

Wakienda nusu mita kwa sekunde, pawa ni 386 × 0.5 = 193 W. Watu wawili, kila mmoja wati 97 hivi. Mtu mzima anayefanya kazi ya mikono kutwa hutoa wastani wa wati 75 hivi, kwa hivyo 97 kwa dakika moja mbili inawezekana bila shida. Mmoja peke yake kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde angehitaji wati 386. Mwenye misuli huzipata kwa muda mfupi, kisha pumzi inakata.

Ndiyo maana utawaona wakipanda kwa kupindapinda, hawaendi moja kwa moja. Njia ikiwa ndefu mara mbili kwa kimo kile kile, ile 314 inakuwa 157. Jumla inashuka hadi 229 N, na kwa kasi ile ile pawa ni wati 115 kwa wote wawili. Kazi ya kupandisha mzigo haijapungua hata chembe, na ya magurudumu imeongezeka maradufu. Wamenunua wepesi kwa muda.

Sasa weka bahari. Feri inaelea, saruji haielei. Wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Mkokoteni unaotoka kwenye feri maji yakiwa yamekupwa una mita hizo 3 za ziada za kupanda. 3,600 × 3 = juli 10,800, na kwa mwinuko wa digrii 5 hizo ni mita 34 zaidi za njia, basi magurudumu nayo yanaongeza juli 2,480. Ni zaidi ya dakika nzima ya kusukuma kwa mwendo ule wa nusu mita. Wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) tofauti hiyo hupungua sana.

Lakini jambo ambalo vitabu havilitii maanani ni miguu. Msuguano unaohitajika sana hapo si wa tairi, ni wa kandambili. Msukumaji wa kilo 70 lazima atoe 193 N kwa mkokoteni (nusu ya zile 386, kwa kuwa wako wawili) na 61 N kujipandisha mwenyewe, jumla 254 N, na saruji inambeba kwa 697 N. 254 ÷ 697 = 0.36. Chini ya hapo anateleza, hata awe na nguvu za nyati. Sehemu ya chini, iliyokuwa ndani ya maji saa chache zilizopita, ina ule utelezi wa kijani, nayo haifiki 0.36 kwa kandambili zilizolika. Anayejua huchapuza mwendo pale pakavu ndipo atulie, hapumziki kwenye kijani.

Kuteremka ni hesabu ile ile ila magurudumu sasa yanakusaidia: 314 − 72 = 242 N za kuzuia. Kile kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma ndio breki. Hapa ndipo ile 0.7 yako ina mahali pake, kwa sababu kipande hicho kinaburutwa kweli. Kinahitaji kukandamizwa chini kwa 242 ÷ 0.7 = 346 N. Saruji ikilowa na μ ikashuka hadi 0.4, ni 605 N, karibu uzito wa mtu mzima. Mvua ikinyesha, teremka na mzigo mdogo.

BintiKibokoni

Mungu awabariki nyote, nimeelewa. Nimerudia (a) kwa kuanza na wima na nimepata 0.387. Ila kwa (b) kuna karatasi ya majibu iliyoandika wati 134. Ni nusu kamili ya 268 ya Mwalimu. Nani sahihi?

Mwalimu_Makupa

Swali ulivyoliandika, 268. Hiyo 134 ni wastani. Kasha limeanza kutoka sifuri, kwa sekunde 4 limekwenda ½ × 0.387 × 16 = mita 3.096. Kazi ya kamba ni 173.2 × 3.096 = juli 536, ukigawa kwa sekunde 4 unapata 134 W. “Sekunde 4 baada ya kuanza” ni pawa ya wakati huo huo, unazidisha kani na kasi ya hapo. “Katika sekunde 4 za kwanza” ni kazi yote ugawe kwa muda wote. Aliyeandika majibu amesoma la pili. Nusu kamili inatokea kwa kuwa kani haibadiliki na mwendo umeanzia sifuri. Kasha lingekuwa tayari linakwenda, uhusiano huo usingekuwepo.

Na usikate namba mapema. Ukiandika mchapuko 0.4 kisha ukaendelea, kasi inakuwa 1.6 na pawa 277, wati 9 zimezuka kutoka popote. Weka 0.387 kwenye kikokotozi mpaka mstari wa mwisho, ndipo ukate.