MJADALA: Tahadhari ya dhoruba Ziwa Victoria imbane tajiri mwenye mtumbwi, sio kibarua wake

Wakuu salama? Machi ndio hii imeingia, masika yanaanza kuchangamka huku Kanda ya Ziwa na ule ubishi wa kila mwaka umerudi mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapotokea na kushusha samaki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wakitoa tahadhari ya upepo mkali na radi ziwani, mialo ifungwe mtu asitoke, au mvuvi aachwe aamue mwenyewe? Naona watu wamegawanyika pande mbili hizo tu, wa kufunga na wa kuacha, na mimi naomba kuleta upande wa tatu kwa sababu hizo mbili zote zinamuongelea mtu ambaye hana maamuzi.

Mvuvi wa dagaa haamui kutoka. Anayeamua ni tajiri, mwenye mtumbwi, nyavu, injini na taa, na mara nyingi huyo tajiri hata mwaloni hayupo, yuko zake mjini anapiga simu kwa msimamizi. Kwa hiyo tahadhari ikitoka imbane yeye.

Nenda mialo ya Igombe au Kayenze hapa Mwanza saa kumi na moja jioni kipindi cha giza, maana dagaa wanafuata taa na mbalamwezi ikiwa kubwa kazi inasimama. Utakuta mitumbwi imepangwa, vijana wanafunga taa za sola kwenye vielea vyake, mwingine anajaza petroli kwenye dumu, na msimamizi amekaa pembeni na daftari. Kwenye daftari mle kuna unga uliokopwa kambini, kuna hela iliyotumwa nyumbani Sengerema mtoto alipougua, kuna buti, kuna kila kitu, na vyote vinakatwa kwenye mgao baada ya mafuta na chakula kutolewa. Sasa meseji ya hali ya hewa imeingia kwenye simu ya kijana, ameisoma vizuri tu, anaangalia wingu linaloanza kumulika kule mashariki, halafu anaangalia lile daftari. Akisema leo siendi ataambiwa na kesho usije, na deni lake liko palepale. Huyo ndiye mnasema aachwe aamue mwenyewe? Ni sawa na kumwambia dereva wa bodaboda mwenye hesabu ya bosi kila jioni kwamba mvua ikinyesha apumzike.

Ngoja nieleze kidogo hili ziwa lenyewe maana kuna wadau wa Dar humu wanalilinganisha na bahari, na haliko hivyo. Pwani mmezoea kusikia upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, na tangazo linaweza kuhusu siku kadhaa mfululizo, kwa sababu kusi na kaskazi ni pepo za msimu, zinakuja na kukaa. Huku kwetu anayeua ni wingu la radi, na wingu la radi linazaliwa na kufa ndani ya saa chache. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mawingu yanajijenga juu ya ardhi na mvua inapiga Magu, Misungwi, Sengerema huko jioni. Usiku mambo yanageuka, ardhi imepoa lakini maji bado yana joto, basi upepo unatoka bara pande zote unaingia ziwani, unakutana kule katikati na ile hewa yenye unyevu inasukumwa juu. Hapo ndipo radi inapoanzia. Ndio maana dhoruba za ziwani kilele chake ni usiku wa manane mpaka asubuhi, saa zilezile ambazo dagaa wamekusanyika kwenye taa na hakuna mtu anayetaka kukunja wavu. Halafu mvua ikianza kushuka inavuta hewa ya baridi kutoka juu, hewa ile ikifika kwenye maji inatawanyika kwa kasi kila upande, na unaweza kupigwa na upepo kabla tone la mvua halijakufikia. Mawimbi yenyewe ni mafupi, yamebanana, mtumbwi haujatoka kwenye la kwanza la pili limeshaingia ndani. Na tunaongelea ziwa la kilomita za mraba karibu 68,800, hapo ukizidiwa unakimbilia wapi?

Hoja kubwa ya wanaopinga tahadhari kuwa na nguvu ni kwamba TMA wanakosea. Ukweli usemwe, kuna usiku wanasema dhoruba na ziwa linalala kimya, mvuvi amekaa kambini amekosa hela na kesho yake hasikilizi tena. Hilo ni tatizo kweli na silipuuzi. Lakini jamani ukiangalia nilivyoeleza hapo juu utaona kwa nini, ziwa zima halichafuki kwa pamoja, wingu linaweza kukipiga kisiwa cha Goziba na kisiwa cha Kome kukawa shwari, na wote wawili walisikia taarifa moja ya Ziwa Victoria. Mtu wa Kome atasema wameongopa, mtu wa Goziba hatasema kitu. Dawa yake ni taarifa ikatwe vipande vidogo zaidi, kwa eneo na kwa saa, yaani iseme kuanzia saa nane usiku upande fulani, na itolewe tena upya saa za jioni kabla watu hawajatoka, kwa Kiswahili cha mwaloni. Na hilo linawezekana. Rada ya TMA ipo hapahapa Mwanza, Kiseke, inaona mawingu ya mvua yanavyotembea. Mradi wa HIGHWAY ulioanza 2017 kwa fedha za Uingereza chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ulishughulika na jambo hilihili kwa nchi zinazozunguka ziwa, na tathmini yake ilikadiria vifo vya ziwani vinavyotokana na hali ya hewa vilipungua kwa kama asilimia 30. Kuna mtafiti wa Ubelgiji pia, Wim Thiery, yeye na wenzake walionyesha kwamba radi kubwa za mchana juu ya nchi kavu zinasaidia kubashiri dhoruba ya usiku ziwani. Maana yake ni kwamba saa kumi jioni, kabla mtumbwi haujasukumwa majini, dalili nyingi zimeshaonekana kwenye setilaiti. Elimu ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwajibika pale taarifa inapofika mwaloni.

Na kuhusu kukosea, niulize, ni nani anayelipia kosa? TMA wakisema dhoruba isitokee, tajiri anapoteza mapato ya usiku mmoja. Tajiri akipuuza na dhoruba ikatokea, kibarua anapoteza maisha na tajiri anapoteza mbao. Haya makosa mawili hayana uzito mmoja, na aliyepewa nafasi ya kuchagua ni yule anayeumia kidogo.

Kitu kingine kinachoniuma, sisi watu wa Mwanza tunajua ajali za ziwa kwa majina mawili. Meli ya MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996, makaburi yako Igoma pale tunapita kila siku. Kivuko cha MV Nyerere 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, watu 228 walikufa. Zote mbili tatizo kubwa lilikuwa kujaza kupita kiasi, na baada ya hapo tukapiga kelele kuhusu vivuko na meli, ni sawa kabisa, abiria walindwe. Lakini mvuvi anakufa kwa mafungu madogo, watatu leo, wanne wiki ijayo, usiku, mbali na kamera, wengine walitoka mikoa ya mbali na kambini wanajulikana kwa jina la utani tu, ndugu wanakuja kujua baada ya muda mrefu. Makadirio yanayotajwa sana ni vifo 3,000 mpaka 5,000 kwa mwaka kwa ziwa lote, nchi zote tatu. Hata ukiyapunguza nusu bado ni zaidi ya waliokufa kwenye MV Bukoba, kila mwaka, na hakuna siku ya kuwakumbuka.

Sasa kwa nini sitaki mialo ifungwe jumla. Kwanza visiwani mtumbwi ni barabara. Mjamzito wa kisiwa cha Irugwa akizidiwa usiku huwezi kumwambia mwalo umefungwa. Pili ukifunga mwalo rasmi watu watasukumia mitumbwi vichakani, umeshaona zile fukwe ndogondogo zisizo na ofisi wala kiongozi, wakitokea huko hata ikitokea ajali hakuna anayejua nani alitoka na nani hajarudi. Tatu polisi na mgambo wakipewa kazi ya kufunga mwalo tunajua kitakachofuata, itakuwa ni elfu kumi hapa elfu ishirini pale na mtumbwi unaenda.

Ninachopendekeza ni hiki. TMA wana ngazi zao, angalizo kwa njano, tahadhari kwa machungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ikiwa angalizo watu watoke lakini kila mmoja awe na jaketi la uokoaji mwilini, na sio lile moja linalofungwa kwenye mtumbwi kwa ajili ya mkaguzi. Ikifika tahadhari ya machungwa kwa eneo lile na saa zile, mwenye chombo cha uvuvi haruhusiwi kutuma watu, na akituma anawajibika yeye kwa leseni yake na kwa fidia ya familia. Na mvuvi aliyekataa kutoka usiku huo asifukuzwe wala asikatwe kitu. Haki ya kukataa iandikwe kwenye sheria ndogo za halmashauri, isomwe mwaloni, na BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa mwalo, wapandishe bendera ya rangi husika jioni ili hata asiye na simu au bando aone. Daftari la waliotoka liwepo, majina kamili na namba ya ndugu. Ni kazi ya kalamu tu.

Najua kuna tatizo hapo na nilitaje mwenyewe kabla hamjanirukia, baadhi ya viongozi wa BMU wenyewe ni wenye mitumbwi. Basi anayepandisha bendera asiwe na mtumbwi. Walimu wapo, wahudumu wa zahanati wapo, mama lishe wapo mwaloni kuanzia alfajiri na wanawajua vijana wote kwa sura.

NYONGEZA: Nimesoma michango, asanteni wote, nijibu michache.

Kuna mkuu kasema wazee wa ziwa wanasoma mawingu na nyota, hawahitaji TMA. Shikamoo kwa hao wazee, mimi nawaheshimu sana na ningependa wakae meza moja na watu wa hali ya hewa. Ila mzee anasoma wingu analoliona. Wingu lililo nyuma ya Ukerewe saa nne usiku hakuna mtu aliyeko Igombe anayeliona, rada inaliona. Na dhoruba za usiku nyingi zinasukumwa kuelekea magharibi, kwa hiyo kinachokupiga saa kumi alfajiri kinaweza kuwa kilianzia mbali sana na macho yako. Vilevile kambi za siku hizi zimejaa vijana waliotoka kulima pamba na mpunga wakaja ziwani juzi, hao elimu ya wazee hawana, na wengi hata kuogelea hawajui.

Mwingine kasema wavuvi wenyewe ndio wanalazimisha kutoka hata tajiri akikataa, wanataka hela. Inatokea, sikatai, hasa dagaa wakiwa wamechanganya. Lakini mbona huyohuyo kijana akiwa hana deni anakuwa mwoga wa wingu na akiwa na deni anakuwa shujaa? Ushujaa wa namna hiyo umetoka kwenye lile daftari.

Na huyu mwenye mitumbwi yake aliyeandika kwa uchungu kwamba naye ana mkopo, kipindi cha giza kina siku zake na akikosa usiku mitatu ya masika benki haimuelewi. Ndugu yangu nakuelewa, na hapa ndipo naona mjadala wa kweli ulipo. Usiku ambao tahadhari imekuzuia, chakula cha kambi na rejesho lako nani abebe? Mimi naona chakula kibaki kwako maana hao ni watu wako, lakini rejesho lisogezwe mbele na mkopeshaji kwa ushahidi wa tahadhari ya TMA, ina tarehe na saa, haiwezi kughushiwa kirahisi. Kuna bima za mazao zinazolipa kwa kuangalia mvua iliyonyesha, sioni kwa nini isiwepo ya mtumbwi inayolipa kwa kuangalia tahadhari. Wenye mitumbwi na watu wa mikopo mlioko humu semeni, rejesho la wiki likisogezwa siku tatu kwa sababu ya dhoruba mnashindwa wapi hasa?