Mustang GT, Camaro SS au Challenger: ipi utaishi nayo hapa Dar?

Ndinga_Mbezi:
Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo muda mrefu, leo naona niliweke mezani. Nataka V8 ya Mmarekani. Ni gari ya wikiendi na siku moja moja kwenda job (naishi Mbezi Beach, ofisi ipo Posta). Nimebaki na tatu: Ford Mustang GT 5.0 ya 2018 kwenda juu, Chevrolet Camaro SS ya 6.2, na Dodge Challenger, R/T ya 5.7 au ile 392 ya 6.4. Moyo upo kwa Challenger, lile umbo halina mpinzani. Ila naomba ukweli kuhusu spea, mafundi, na haya matuta yetu. Wale wa "nunua IST mkuu" naomba mpite kimya kimya.

mtoto_wa_bandari:
Anza na usukani, mengine baadae. Hapo kwenye listi yako Mustang tu ndo ilitoka kiwandani na usukani wa kulia, kuanzia hii bodi ya 2015, wakaziuza Uingereza, Australia, Afrika Kusini. Camaro za kulia zipo chache zilizobadilishwa Australia na HSV, kampuni ya magari ya huko, kati ya 2018 na 2020, kuipata ni kazi na bei yake sio ya kitoto. Challenger kiwanda hakikuwahi kutoa ya kulia kabisa. Sasa jione upo Morogoro Road nyuma ya semi ya kwenda Tunduma umekaa kushoto, unataka kuovateki, huoni kitu mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka upande wa pili, yani abiria wako ndo anakuwa macho yako. Na ukifika kwenye paking za mall, ile mashine ya tiketi ipo kulia, unafungua mkanda, unashuka, unazunguka boneti, unachukua kadi, unarudi, huku nyuma watu wanakupigia honi. Siku ya kwanza utacheka, siku ya kumi utaiweka sokoni.

Kiboko_HEMI:
Mnamtisha mwenzenu bure, usukani unazoeleka. Watu wameendesha malori ya kushoto toka enzi na wapo hai. Challenger ukiwasha asubuhi mtaa mzima unajua umeamka, hicho kitu Mustang haina. Na ndani inabeba watu wazima nyuma, Camaro nyuma ni pa kuweka begi la laptop.

FundiV8_Ilala:
Mkuu Kiboko nakuheshimu ila kwenye HEMI, hizi V8 za Challenger, naomba niongee kidogo maana ndo kazi yangu. 5.7 ni injini tamu, ila ina plagi 16, mbili kila silinda, siku ya kubadilisha usije kushangaa bili. La pili, hizi injini zina ugonjwa wa lifta, vile vidude vinavyosukuma valvu. Zile rola za lifta zikichoka zinaanza kula kemshafti, unasikia tik tik tik ikiwa sailensa (imewashwa ila haitembei), mwenye gari anaongeza sauti ya redio. Mafundi wengi wa HEMI huwa wanashuku kukaa sailensa muda mrefu maana huko juu oili inafika kidogo. Sasa niambie, foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni ni nini kama sio sailensa ndefu? Ukinunua hakikisha umeisikiliza ya baridi kabisa, haijawashwa toka jana yake. Ukikuta muuzaji ameshaipasha moto "ili usisumbuke kusubiri", aga vizuri uondoke.

Coyote ya Mustang (hiyo 5.0) haina kesi nyingi za hivyo. Ila inataka oili nyingi, za 2018 mpaka 2023 zinachukua kama lita 9.5 kwa sevisi moja, sinthetiki ya namba iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi asiyeijua anamimina lita 5 za kawaida kama anavyofanya kwa Noah, afu anakuambia tayari bosi.

Bibie_GT:
Mimi ninayo Mustang GT, ilitoka Uingereza, naishi nayo Masaki. Nguvu nitaiacha maana kila mtu anaijua, ni 460hp kwa zile za Marekani za 2018, zilizouzwa Ulaya zipo chini kidogo.

Kitu cha kwanza ni chini. Uwazi kutoka ardhini ni kama sentimita 13 au 14 tu. Kuna matuta ya mitaani yamejengwa na wananchi wenyewe kwa hasira, hayo huyavuki moja kwa moja, unaingia kwa mshazari tairi moja moja, na bado utasikia ile plastiki ya chini ya bampa inakwaruza. Ile plastiki ichukulie kama kitu cha kubadilisha, usiililie. Kitu cha pili chumvi. Gari za Uingereza zimeshatembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi wakati wa baridi, kabla ya kununua omba picha za chini, bolti za saspensheni na mabomba ya breki, sio picha za rangi tu. Ukileta huku upepo wa bahari unamalizia.

Breki ni Brembo za pistoni sita mbele, pedi zake hazipo Kariakoo, naagiza nje seti mbili kwa mpigo pamoja na filta na plagi. Mafuta kwa mjini ukipata kilomita 6 kwa lita shukuru Mungu, kwenye foleni ni 4. Na chukua otomatiki kaka, klachi ya hii gari kutoka Mbezi mpaka Posta mguu wa kushoto utakulaani.

mtoto_wa_bandari:
Naongezea kodi, maana watu wanaangalia bei ya mtandaoni tu. Ushuru 25% juu ya CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri mpaka bandarini), afu ekzaizi (ushuru wa bidhaa) 10% kwa sababu injini imezidi cc 2000, afu VAT 18% juu ya vyote hivyo. Zinapandiana. CIF ikiwa milioni 60 hapo kodi tu ni milioni 37 na ushee, bado tozo ndogo ndogo, usajili na wakala. Gari ikizidi miaka 8 kuna ekzaizi ya uchakavu juu, ikizidi 10 inapanda tena, ndo maana hizo 2015 zinazoonekana rahisi sio rahisi. Na TRA wana thamani zao, invoisi yako ya kirafiki waachie wenyewe, ingia kwenye kikokotoo chao kwanza.

Crown_Nation:
Najua umekataza ila Toyota Crown Athlete ya 3.5 ina zaidi ya 310hp na spea unazipata kwa miguu. Natoka.

Kiboko_HEMI:
Toka kweli.

Mzee_wa_Kigamboni:
Vijana, kama anapenda HEMI na anaogopa matuta mbona hamjamwambia Jeep Grand Cherokee SRT? Injini ni ile ile 6.4 ya 392, ilitoka na usukani wa kulia, Afrika Kusini ziliuzwa. Ipo juu, inavuta tairi zote nne. Ama Chrysler 300C SRT8, nayo ya kulia zipo. Lifta mtaumwa nazo zote, hilo fundi kashasema.

Ndinga_Mbezi:
Mzee umenigusa, ila mke wangu akiona Jeep atasema ni ya familia na nimeshapoteza. Challenger naiacha roho inauma, ile ishu ya kuovateki imeniingia. Camaro nimeitoa pia, nilikaa ndani ya moja, vioo vidogo unaangalia nje kama upo ndani ya boksi la barua. Na zote mbili zimeshaacha kutengenezwa, mwisho wa 2023, Mustang bado inatoka na bado ya kulia. Swali la mwisho: nimeona moja ya Uingereza bei nzuri mno imeandikwa GT, nitajuaje sio ile ya silinda nne imebandikwa beji?

FundiV8_Ilala:
Angalia chesisi namba, herufi ya nane. F ni 5.0, H ni EcoBoost ya 2.3, hiyo ya silinda nne. Akikataa kukutumia namba nzima ushapata jibu. Na hata ikiwa F, mwambie akurekodie video ya kuwasha ikiwa ya baridi, boneti wazi, simu iwe karibu na injini sio karibu na ekzosti.