Mjadala: Kifundo cha mkono kikivunjika na mfupa ukahama, chuma kiwe cha mwisho?

Mleta mada:
Wakuu, tulijadili hili kwa ushahidi. Mtu mzima akianguka na kujikinga kwa kiganja, mara nyingi huvunjika rediasi (mfupa wa mkono ulio upande wa dole gumba) karibu na kifundo, na kipande cha mwisho kinasukumwa kuelekea nyuma ya mkono. Wengi siku hizi wanapelekwa moja kwa moja kuwekewa plati (bamba la chuma) na skrubu. Mwaka 2014 jaribio la Uingereza liitwalo DRAFFT liligawa wagonjwa 461 kwa bahati nasibu, wengine plati, wengine waya za kupitisha kwenye ngozi ili kushikilia mfupa. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha maumivu na utendaji cha alama 0 hadi 100 (0 ndiyo nzuri kabisa), plati walipata 13.9 na waya 15.3. Watafiti walikuwa wameshaweka kwamba tofauti yenye maana kwa mgonjwa ni alama 6. Mwaka 2022 ikaja DRAFFT2, wagonjwa 500, waya dhidi ya plasta tupu: 20.7 kwa 21.2. Plati haikuishinda waya, waya haikuishinda plasta. Hoja yangu: bima na fedha za umma zilipie chuma, yaani plati au waya, pale tu mfupa ulipokataa kurudi mahali pake, au ulirudi ukakataa kukaa.

Mpasuaji wa mifupa:
Mleta mada, namba zako ni sahihi lakini umeruka jambo kubwa. Plasta ya DRAFFT2 ilifungwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa chini ya dawa ya usingizi au ganzi ya mkono mzima, mfupa ukarudishwa na mpasuaji kwanza, ndipo ikapigwa kura ya waya au plasta. Kwa hiyo mfupa ambao haukurudi kwa kuvutwa haukuingia kabisa kwenye hesabu. Vilevile kipande kilichohamia upande wa kiganja hakikuwemo. Hicho ukikifunga plasta kinateleza karibu kila mara, kwa sababu kano za kukunja vidole zinakivuta upande huohuo.

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja: ndani ya wiki 6 za mwanzo, wagonjwa 33 wa plasta, yaani asilimia 13, walirudishwa kufanyiwa upasuaji kwa sababu mfupa ulihama tena. Kundi la waya alikuwa mmoja. Mfupa wa wiki ya tatu si wa siku ya kwanza. Umeshaanza kuunga, unaubomoa upya, na kazi inakuwa ndefu zaidi.

Fundi plasta:
Daktari amegusa penyewe. Watu wanasema "plasta" kana kwamba ni kitu kimoja. Plasta inayoshikilia mfupa huu inafanya kazi kwa sehemu tatu za mkandamizo: moja nyuma ya kipande kilichohama, ya pili upande wa kiganja juu kidogo ya mvunjiko, ya tatu nyuma tena karibu na kiwiko. Usipoibana hivyo wakati bado mbichi, unapata bomba la duara, na mkono ni bapa, haushikwi na bomba la duara.

Makosa yanayoonekana zaidi ni haya. Pamba inawekwa nene mno. Uvimbe ukipungua ndani ya siku 7 hadi 10 plasta inabaki inacheza. Tabaka mbili zinatosha, nyongeza iwe kwenye mifupa iliyochomoza tu. Plasta inavushwa mpaka juu ya vifundo vya vidole, ilhali upande wa kiganja inatakiwa iishie kwenye mkunjo wa kiganja ulio karibu na vidole, vyote vikunjike ngumi. Maji ya moto ndiyo mabaya kuliko yote: plasta inakauka kabla hujaibana, na joto lake linaweza kuunguza ngozi. Tumia ya uvuguvugu.

Na kifundo kisikunjwe sana kuelekea kiganjani ati ili mfupa ukae. Mkunjo mkali unabana neva ya katikati. Mgonjwa akisema dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, plasta inapasuliwa papo hapo mpaka ngozini, pamoja na pamba. Asiambiwe ameze dawa ya maumivu asubiri asubuhi.

Mtakwimu:
Mleta mada, mnyororo wako una kiungo dhaifu. Huwezi kusema A haikumshinda B, B haikumshinda C, basi A haimshindi C, kama majaribio yalichukua wagonjwa tofauti. Angalia hao hao waya: jaribio la kwanza 15.3, la pili 20.7. Hao si watu walewale. Ushahidi wa plati dhidi ya plasta moja kwa moja uko, hasa kwa wazee. Jaribio la Austria la 2011, wagonjwa 73 wa miaka 65 na zaidi: eksirei za plati zilikuwa nzuri zaidi na nguvu ya kushika ilikuwa kubwa kidogo, ila uwezo wa kufanya shughuli baada ya mwaka haukutofautiana, na matatizo yalikuwa mengi zaidi upande wa plati.

Daktari, nawe hiyo asilimia 13 isomwe kwa makini. Waliorudishwa hawakurudishwa na mashine. Mpasuaji alitazama picha akaamua, huku akijua kabisa huyu ana plasta tupu. Mwenye waya akipinda kiasi hichohicho, huenda angeachwa. Halafu igeuze: asilimia 87 hawakuhitaji waya, na wastani wa kundi zima la plasta, wakiwemo hao 33, ulikuwa sawa na wa waya. Kumfanyia kila mtu upasuaji ili kuzuia hao 33 ni gharama inayobebwa na wengine wote.

Fiziotherapia:
Naona mnabishana kuhusu mfupa na kusahau vidole. Mikono mingi inayoharibika baada ya mvunjiko huu inaharibiwa na ukakamavu, hata eksirei ikiwa safi. Siku ileile ya kufungwa: ngumi kamili, kunyoosha kamili, dole gumba liguse kila kidole, mara 10 kila saa akiwa macho. Mkono uinuliwe juu ya usawa wa moyo siku 2 au 3 za mwanzo. Bega na kiwiko visilale. Maumivu yanayozidi kipimo cha jeraha, ngozi kung'aa, kubadilika rangi na joto, vidole kuvimba wiki baada ya wiki, ni dalili za maumivu sugu ya neva yanayohitaji kushughulikiwa mapema, awe na chuma au hana.

Mpasuaji wa mifupa:
Mtakwimu, kwa mzee asiyefanya kazi nzito nakubaliana nawe, na nimeacha kuhesabu nyuzi za mpindo kwenye eksirei yake kama ndiyo matokeo. Ninachokataa ni amri ya jumla. Mvunjiko ulioingia ndani ya kiungo na kuacha ngazi (uso wa kiungo usio sawa) inayozidi milimita 2 kwa kijana, jeraha lililo wazi, neva iliyobanwa: hao wasisubiri plasta ishindwe ndipo bima ifungue mkoba. Na mkianza kuandika sheria kwa kifundo, kesho mtaibandika kwenye nyonga. Nyonga ni habari nyingine. Huko upasuaji ndio unaomtoa mzee kitandani, na ubishi uliobaki ni wa saa ngapi tu. Jaribio la HIP ATTACK la 2020, wagonjwa 2,970 waliovunjika nyonga, halikupunguza vifo kwa kuharakisha upasuaji (asilimia 9 kwa 10), ingawa waliopasuliwa haraka walichanganyikiwa akili mara chache zaidi.

Plati nayo ina adhabu zake, nisizifiche. Ikipita ukingo wa mfupa upande wa kiganja, inasugua kano inayokunja dole gumba mpaka inakatika, pengine miezi mingi baadaye. Skrubu ikitokeza nyuma inakata kano zinazonyoosha. Ndiyo maana skrubu za mwisho huwekwa fupi kwa milimita 2 hivi kuliko kipimo cha drili.

Mleta mada:
Nimewaelewa, narekebisha. Wasiohusika na sharti: mvunjiko ulioelekea kiganjani, ulioingia kwenye kiungo ukabaki na ngazi, jeraha wazi, neva iliyobanwa. Kwa waliobaki, mfupa urudishwe chini ya ganzi ya kutosha, eksirei irudiwe wiki ya 1 na ya 2, na chuma kilipiwe bila ubishi mfupa ukihama.

Fundi plasta:
Hapo mkuu umesahau kulipia kitu kimoja. Hizo eksirei mbili na plasta ya pili ziwe ndani ya malipo yaleyale ya mwanzo. Mgonjwa akidaiwa upya wiki ya 1 hatarudi, na tutamwona wiki ya 6 mfupa umeshaunga umepinda, kisha plasta ndiyo itakayolaumiwa.