Mrejesho: Bluetooth ya Pi 3 imewaka

Wakuu, nimerudi. Ni ile Raspberry Pi 3 yangu (kompyuta ndogo ya bodi moja) iliyogoma kuwasha Bluetooth tangu nilipoiunga na moduli ya GPS: bluetoothctl (amri ya kusimamia Bluetooth) ikawa inajibu "No default controller available", na kwenye logi hciuart (huduma inayoiandaa chipu ya Bluetooth) inaishia "Initialization timed out."

Aliyeniambia nichungulie config.txt (faili la mipangilio ya Pi) alikuwa sahihi, mimi nilikuwa nabisha bure. Programu nilishaifuta na kuisakinisha upya mara tatu! Kumbe chipu ya Bluetooth huongea na prosesa kupitia UART (njia ya kupitisha data biti moja moja), na UART iliyo imara, PL011, nilishaigawa kwa GPS kwa mstari wa dtoverlay=miniuart-bt. Bluetooth ikabaki na mini UART, ambayo kasi yake hufuata saa ya kiini cha chipu, yaani mapigo yanayoiendesha. Saa ikipanda au kushuka, mawasiliano yanavurugika.

Nimeongeza core_freq=250 chini ya mstari ule ili saa hiyo ibaki palepale, nikawasha upya. Sasa amri ya hciconfig inaonyesha UP RUNNING, yaani Bluetooth imewaka. Tangu jana nimeizima na kuiwasha mara kumi, haijagoma hata mara moja. Spika bado inakatakata muziki kidogo, ila hiyo ni kesi nyingine. Asanteni sana.