Naomba ushauri: mwembe na ukuta wa chumba cha mama

Jamani, hamjambo? Kwetu Kisauni kuna mwembe aliopanda marehemu babu, hatua tatu tu kutoka ukuta wa chumba cha mama. Masika haya umetokea ufa chini ya dirisha, kidole changu cha mwisho chaingia. Juzi fundi alitoa mizizi kama shungi la nywele kwenye bomba la choo. Upepo wa kusi ukivuma usiku, matawi yakwaruza mabati, mama halali. Lakini kukata hataki (ni embe dodo, simlaumu). Fundi mmoja asema tupunguze matawi, mwingine asema tukate mizizi upande wa nyumba. Hapo ndipo naogopa: mti si utakosa kushikilia, utuangukie? Aliyepitia haya alifanyaje? Na kibali cha kaunti huombwa wapi?