Aquitaine 1453: ilikombolewa au ilitekwa?

Wakuu, kila ikitajwa Vita vya Miaka Mia, kati ya Uingereza na Ufaransa, hujitokeza mtu akasema Aquitaine, utemi wa kusini-magharibi mwa Ufaransa ya leo, ilikuwa ardhi ya Ufaransa iliyokaliwa kimabavu na Waingereza, hadi ikakombolewa 1453. Napinga.

Kwanza, Waingereza hawakuuteka utemi huo. Eleanor aliurithi kwa baba yake 1137, akaolewa na Louis VII wa Ufaransa. Ndoa ikabatilishwa Machi 1152, na Mei akaolewa na Henry wa Anjou, aliyetawazwa mfalme wa Uingereza 1154. Nakubali kwamba 1259 Henry III wa Uingereza aliapa kuushika utemi chini ya mfalme wa Ufaransa, na hiyo ndiyo hoja nzito ya wanaonipinga. Kiapo hicho ndicho Paris, yaani wafalme wa Ufaransa, ilichokitumia kutangaza kuunyang'anya 1294, 1324 na 1337.

Lakini wenyeji walitaka nini? Mbona hawaulizwi? Bordeaux, mji mkuu wa utemi huo, iliishi kwa mvinyo. Mwanzoni mwa karne ya 14 kuna mwaka yalisafirishwa mapipa karibu 100,000, kila moja la lita 900 hivi, na mnunuzi mkubwa alikuwa Uingereza. Mtawala aliye ng'ambo ya bahari, anayenunua mvinyo wako na kukuachia mambo ya mji wako, nani amkatae?

Wala sisemi waliwapenda Waingereza. Edward, mwana wa mfalme wa Uingereza aliyetawala Aquitaine, alipotoza kodi kila kaya, mabwana wa huko wa Armagnac na Albret walikata rufaa Paris 1368, na mwaka uliofuata vita vikaanza upya. Watu hawa walimpima mtawala kwa kodi na haki zao, basi.

Sasa tazameni mwisho wake. 1451 jeshi la Charles VII, mfalme wa Ufaransa, liliingia Bordeaux kwa ahadi ya kulinda haki za mji. Maofisa wake wakaanza kudai fedha. Wakubwa wa mji wakatuma ujumbe London kwa siri, na Oktoba 1452 jemadari Talbot alipofika na jeshi la Uingereza, wenyeji wenyewe wakamfungulia malango. Aliuawa kwenye mapigano ya Castillon, mashariki ya Bordeaux, tarehe 17 Julai 1453, mbele ya mizinga ya Wafaransa, na Oktoba Bordeaux ikasalimu amri. Kisha Charles akaamuru ijengwe ngome pale pale mjini, Château Trompette, ya kuwachunga wakazi.

Anayesema ni ukombozi, aanze na malango ya 1452, kisha anieleze ngome hiyo ilikuwa ya nini.